Mafuriko Huanzia Mapaani

Waswahili wamekwisha kunena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii hutumiwa kumliwaza aliyefikwa na hasara, na katika uwanja wa hekima haina dosari. Lakini ukiichukua kwa maana yake ya juu juu na kuipeleka Nairobi wakati wa masika, utaiona ikiyumba. Maji ya mvua yanayomwagika juu ya jiji hilo huzoleka. Yanaweza kukingwa, kuzuiwa kwa saa chache, kunywewa na ardhi, kisha yakaachiliwa polepole. Kinachotokea ni kwamba aliye juu hana haja ya kuyazoa, na aliye chini hana nafasi ya kuyazoa.

Mara mbili kwa mwaka, masika kati ya Machi na Mei na vuli kati ya Oktoba na Desemba, wakazi wa kingo za mto katika vijiji vya Kibera kama Silanga, Lindi na Gatwekera hulala usingizi wa mang'amung'amu. Mawingu yakitanda upande wa Ngong, magodoro hupandishwa juu ya meza, vyombo hutundikwa misumarini na magunia ya udongo hupangwa mlangoni. Mvua yenyewe huenda isinyeshe Kibera. Inatosha inyeshe Dagoretti au kandokando ya barabara ya Ngong; baada ya muda mfupi mto Motoine huja ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umebeba mifuko ya taka, mbao za vivuko na kila kilichokuwa ndani ya mitaro na vyoo vinavyopakana nao. Kesho yake habari huandikwa kwamba mvua imesababisha maafa, na kwamba wananchi wanaoishi mabondeni wanashauriwa kuhama.

Katika habari za namna hiyo, neno linalotawala ni mafuriko. Mwanafunzi wa sarufi hataacha kuona kwamba kitenzi kilichozaa neno hilo, furika, kina umbo la kauli ya kutendeka, kauli isiyokuwa na haja ya kumtaja mtenda. Chungu kimevunjika. Nani kakivunja? Sentensi haisemi, wala haidaiwi kusema. Mto umefurika. Nani kaujaza hata ukafurika? Kimya. Si kosa la lugha, kwa maana kila lugha ina njia zake za kumficha mtenda pale asipotakiwa. Lakini sarufi ya neno hilo imegeuka kuwa sera ya jiji: maji yanachukuliwa kuwa yamekuja yenyewe, kama kiangazi au nzige, na mtu pekee anayeulizwa swali ni yule aliyekutwa njiani mwayo.

Ni hoja ya makala haya kwamba mafuriko ya Kibera yana watenda, kwamba wengi wao hawaishi Kibera, na kwamba mahali pa kuwapata ni mezani pale panapotiwa sahihi kibali cha ujenzi.

Hesabu yake ni nyepesi, hata kwa aliyekimbilia fasihi ili kuihepa hisabati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua ploti ya nusu ekari, yapata mita za mraba 2,000, katika mitaa iliyo kandokando ya barabara ya Ngong. Zamani ploti ya aina hiyo ilikuwa na nyumba moja isiyo ya ghorofa, kijia cha kokoto, na sehemu iliyobaki ilikuwa bustani. Paa na sakafu ngumu zilichukua, tuseme, mita za mraba 400. Ikinyesha milimita 50 alasiri moja, mvua ambayo Nairobi huijua vyema, maji yaliyotoka langoni yalikuwa kiasi cha lita 34,000, kwani bustani ilikunywa sehemu kubwa. Nyumba ile sasa imebomolewa. Mahali pake pamesimama ghorofa, na ua wote umetandazwa kabro ili magari yaegeshwe. Sehemu ngumu imefikia mita za mraba 1,700. Mvua ni ile ile, ila kinachotoka langoni ni karibu lita 80,000. Hii ni hesabu ya kukisia, lakini imefuata viwango ambavyo wahandisi hutumia: paa na lami hutema sehemu tisa kwa kumi ya mvua inayoziangukia, na bustani hutema kama sehemu mbili tu.

Pana jambo jingine linalozidi wingi, nalo ni mwendo. Maji yaliyopita bustanini yalijivuta baina ya nyasi, yakafika mtaroni kwa kuchelewa, baada ya maji ya barabara kwisha kupita. Maji ya paa na kabro hayajivuti. Hushuka katika bomba, huingia mtaroni na kufika mtoni wakati ule ule ambapo maji ya ploti mia nyingine yanafika. Ni kama watu waliojaa uwanja wa Nyayo. Wakitoka mmoja mmoja kwa saa tatu, lango moja linawatosha. Wakitoka wote kwa dakika kumi, watu hukanyagwa, ingawa idadi yao haikuongezeka hata kwa mtu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna haba hata moja katika hizo inayojiona kuwa na hatia. Mwenye ghorofa moja ataapa, na ataapa kweli, kwamba maji yake peke yake hayawezi kumzamisha mtu.

Kibera ipo pale hasa kibaba kinapojaa. Upande wa kaskazini kuna mgongo wa barabara ya Ngong, Woodley na Jamhuri. Upande wa kusini kuna mitaa ya Lang'ata. Katikati kuna bonde, na bondeni mto. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na waliliita eneo hilo kwa kile walichokikuta. Msitu, ukiutazama kwa jicho la mhandisi wa maji, ni hifadhi ya mvua isiyodai saruji: majani huvunja kishindo cha matone, mboji hunyonya, mizizi hufungua njia za kupenyeza maji ardhini, na mto hupewa kilichobaki, tena kwa siku kadhaa. Msitu ulipokwisha, jina lilibaki. Vivyo hivyo kwa jiji zima, ambalo jina lake ni neno la Kimaasai lenye kuhusu maji baridi, na ambalo limetumia zaidi ya karne moja, tangu reli ilipofika mwaka 1899, likijaribu kuyasahau maji hayo.

Chini ya bonde, mwaka 1953, serikali ya kikoloni ilijenga Bwawa la Nairobi, lenye eneo la yapata ekari 88, ili liwe akiba ya maji ya jiji. Pana wazee wanaokumbuka mashua za tanga zikishindana pale. Kwa miaka mingi bwawa hilo lilifanya pia kazi ambayo halikupewa jina: lilipokea wimbi la mvua kutoka juu, likalipanua na kulituliza kabla mto haujaendelea, kwa jina la Ngong, kuelekea Eneo la Viwanda na Mukuru. Kisha tope, taka na magugumaji vikaanza kulijaza. Anayesimama ukingoni siku hizi huona majani kuliko maji, na pembezoni mwake vitalu vya mboga. Bwawa lililojaa tope ni kama chumba kilichojaa magunia: bado linaitwa kwa jina lake lakini haliwezi kumpokea mgeni. Hivyo bonde la Kibera limepoteza msitu uliochelewesha maji juu na bwawa lililoyapokea chini, katika miongo ile ile ambayo mapaa na lami viliongezeka.

Sheria za Kenya zinaitazama hali hii kutoka upande mmoja. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inailinda mito, na Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi katika ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande wa mto, kwa kutegemea kimo cha juu kabisa cha mafuriko yaliyopata kurekodiwa. Ni kanuni ya busara. Mto una haki ya kujinyoosha. Ila izingatiwe kipimo kinaanzia wapi: kinaanzia majini na kupanda juu, na kinapofika mita ya 30 macho ya sheria huchoka. Mtu aliye mita ya 20 ni mvamizi. Aliye kilomita 3 kutoka hapo, ambaye ghorofa yake ndiyo iliyoongeza kimo cha mafuriko hata ukanda wenyewe ukahitaji kupanuliwa, hana kosa lolote na huenda akapigiwa makofi kwa kuwekeza.

Msomaji atakumbuka mwaka 2024. Mvua za masika zilipofurutu ada, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha nchini, shule zilichelewa kufunguliwa, na serikali ikaamuru waliojenga kingoni mwa mito waondoke. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Watu waliokuwa wamepoteza vyombo kwa maji wakapoteza kuta kwa chuma. Haki isemwe: mnamo Agosti 2018 matingatinga yaliangusha pia jumba la maduka la Ukay huko Westlands, na lile la South End karibu na makutano ya barabara za Lang'ata na Mbagathi, kwa hoja ile ile ya ardhi ya mto. Wapo walioshangilia wakisema kwamba sheria imekata kuwili. Ila hata hapo tajiri na maskini walipimwa kwa kamba moja fupi, ile ya kutoka ukingoni. Hakuna paa lililoulizwa linatema lita ngapi. Tangu siku hiyo ghorofa nyingine zimepanda Kilimani na kando ya barabara ya Ngong, mbali kabisa na mto, kihalali, na kila moja imefungua bomba lake mtaroni.

Kwingineko duniani swali hilo huulizwa, na halikuzuia miji kujengwa. Singapore, kisiwa kinachopata mvua nyingi kuliko Nairobi na chenye bei ya ardhi ya kutisha, tangu mwaka 2014 imewataka wanaojenga kwenye eneo la hekta 0.2 au zaidi wapunguze kasi ya maji yanayotoka ndani ya mipaka yao kabla hayajaingia katika mifereji ya umma. Hekta 0.2, kwa bahati njema ya hoja hii, ni takriban nusu ekari. Wales nayo, tangu Januari 2019, hudai kwamba ujenzi mpya wa zaidi ya nyumba moja, au wenye eneo la mita za mraba 100 na zaidi, uwe na idhini ya mpango wa maji ya mvua kabla kazi haijaanza. Kanuni katika nchi hizo zina maelezo mengi, lakini kiini chake kinaweza kuandikwa kwa mstari mmoja: maji yasitoke kwenye ploti kwa kasi inayozidi ile ambayo umma unaweza kuibeba. Atakayetaka kuongeza paa aongeze pia mahali pa kuyawekea maji ya paa hilo.

Mahali hapo ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Turudi katika ploti ile ya nusu ekari. Tofauti kati ya lita 34,000 za zamani na 80,000 za sasa ni lita 46,000. Tangi la chini ya ardhi lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 4 na kina cha mita 2 huchukua lita 48,000. Hilo ni eneo la kuegeshea magari mawili. Chini ya tangi hutobolewa tundu dogo, na hilo tundu ndilo akili yote ya chombo. Mvua ikishuka kwa fujo, tangi hujaa haraka na kumwaga taratibu, usiku kucha ikibidi, wakati mto umekwisha kushuka. Pasipokuwa na nafasi ya tangi huweza kuchimbwa bonde dogo la nyasi linalojaa wakati wa mvua na kukauka baadaye. Sehemu za magharibi mwa Nairobi zina udongo mwekundu wenye kunyonya maji vizuri, tofauti na udongo mweusi wa kusini-mashariki unaovimba na kuyakataa, na hapo shimo lililojazwa mawe linaweza kuyarudisha ardhini. Sharti ni kwamba chombo kiwe tupu ndani ya siku mbili au tatu, kabla mbu hawajakifanya makao na kabla mvua nyingine haijabisha hodi.

Hadi hapa hoja ni tamu, kwa sababu inamlaumu mwenye ghorofa wa barabara ya Ngong, na kumlaumu tajiri ni kazi isiyo na gharama. Kawangware huiharibu ladha hiyo.

Kawangware haikai kama Kibera. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali isiyokuwa na hati kwa wanaoishi juu yake. Kawangware ni ardhi ya watu binafsi, mashamba ya familia za Dagoretti yaliyoingizwa ndani ya mipaka ya jiji katika miaka ya 1960, yakagawanywa na kugawanywa tena mpaka ploti ikawa na upana wa vyumba vinne. Haiko chini ya bonde la mto tu, ipo pia juu yake. Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita kati ya Kawangware na Kangemi kabla haujafika Chiromo, katikati ya jiji na Gikomba. Kwa hiyo mkazi wa chini wa Kawangware hupigwa na maji ya Uthiru na Waithaka, na papo hapo mwenye nyumba wa Kawangware huwatumia maji walio chini yake. Safu za vyumba vya mabati ambazo zamani zilizunguka ua wa udongo zinang'olewa, na mahali pake hupanda ghorofa tano au sita za mawe, ukuta kwa ukuta, bila hata shubiri moja ya udongo ulio wazi. Mwenye ghorofa hizo aghalabu si bwanyenye. Ni mwalimu mstaafu, mjane aliyeachiwa ploti, ndugu watano waliochanga. Huyu naye adaiwe tangi?

Jibu la makala haya ni ndiyo, japo kwa kipimo kingine. Kumsamehe kwa sababu ni mdogo ni kuirudia ile hadithi ya haba isiyojiona. Ploti ndogo 20 za Kawangware zilizofunikwa kabisa hutema sawa na ghorofa kubwa za matajiri, na waathiriwa ni maskini wenzao. Lakini kumdai tangi la lita elfu kadhaa katika ploti ya upana wa vyumba vinne ni kumfundisha njia ya kumhonga mkaguzi. Hawa waruhusiwe kuchangia hifadhi ya pamoja. Kaunti ichimbe bonde moja la kuzuilia maji kwa kila mtaa, chini ya kiwanja cha mpira au pembeni mwa shule, na kila anayeomba kibali cha kuinua ghorofa alipie sehemu yake kwa kadiri ya paa lake. Watasema kodi ya nyumba itapanda. Itapanda kidogo, na ni vyema likubaliwe bila kuzungusha maneno. Mpangaji wa ghorofa ya tatu atalipa shilingi kadhaa zaidi ili yule wa chumba cha chini kando ya mto asilipe godoro, sare za shule na dawa ya kipindupindu kila masika. Gharama ipo tayari na inalipwa kila mwaka. Sasa hivi inalipwa na asiyejenga chochote.

Kuna faraja moja kwa mwenye nyumba. Katika mitaa hii maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi hupokea, katika mvua ile ya milimita 50, lita 450 hivi, yaani mitungi 22, ambayo huporomoka mbele ya mlango wa mtu atakayeamka alfajiri kupanga foleni ya kununua mtungi wa 23. Wazee wa visiwa vya Lamu wasingeuelewa mji wa namna hii. Wao, kwa kukosa mito, walijenga jabia: uwanja uliosakafiwa, wenye mwinamo, unaoyakusanya maji ya mvua na kuyaongoza katika birika la chini ya ardhi, yakatumiwa wakati wa kiangazi. Ustadi huo haukuletwa na mshauri wa kigeni.

Hata hivyo tahadhari inahitajika hapa, na watetezi wengi wa matangi huiruka. Tangi la akiba na tangi la kuzuia mafuriko yana tabia zinazopingana. La kwanza hufurahi likijaa. La pili lina faida likiwa tupu. Mwenye nyumba aliyejaza tangi lake tarehe 1 Aprili na kulifunga kwa kufuli hana msaada wowote kwa watu wa chini tarehe 2. Ufumbuzi wake unajulikana: tangi ligawanywe, sehemu ya chini ihifadhi maji ya kufulia na kusafishia vyoo, sehemu ya juu ibaki wazi na tundu lake dogo likingojea mvua. Kanuni itakayotungwa bila kutofautisha mambo haya itawapa watu wa Nairobi matangi mengi mazuri na mafuriko yale yale.

Je, Kibera yenyewe haina lake la kufanya? Inalo, kwani mabati na udongo uliokanyagwa kwa miaka mia hutema maji kama lami. Tangu mwaka 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative limeshirikiana na wakazi kujenga maeneo ya umma kando ya mto na vijito vyake. Kingo zimeimarishwa kwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, mitaro imetengenezwa, palipokuwa jaa pamekuwa uwanja wa watoto, na palipo na uwanja pana mtu wa kuulinda usigeuzwe jaa tena. Kazi hiyo inastahili sifa. Lakini anayefanya kazi chini ya bonde hufanya kazi ya kupokea. Anaweza kuelekeza maji, kuyapunguza makali, kujenga kivuko kisichochukuliwa. Hawezi kuyarudisha Woodley. Barabara mpya iliyokatizwa ndani ya Kibera kuunganisha barabara ya Ngong na ya Lang'ata, ambayo Julai 2018 ilibomolewa njia kwa kuwaondoa maelfu ya watu na shule zao, nayo ni kilomita nyingine ya lami katika bonde hilo hilo. Umma unapojenga unapaswa kudaiwa tangi lake sawa na mtu binafsi.

Pana pia suala la nani huitwa jirani. Mradi mkubwa ukitaka kujengwa, sheria hudai tathmini ya athari kwa mazingira, na desturi ni kuwauliza maoni wanaopakana nao: watapata kivuli, kelele, msongamano wa magari. Mipaka ya maji haifuati ua wa jirani. Jirani wa kweli wa ghorofa ya barabara ya Ngong ni mama anayekaa kando ya Motoine, ambaye hajawahi kuiona ghorofa hiyo na ambaye hakuna atakayempelekea fomu. Na angeipata asingenufaika, maana ripoti hizo huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapa wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kunawa mikono. Kwa yale maji ya mvua yanayotiririka mjini bado hakuna istilahi iliyotulia. Tafsiri ya neno kwa neno huzaa maji ya dhoruba, na dhoruba ni msamiati wa bahari, hofu ya nahodha, haimhusu mtu aliyesimama Stage 2 akivua viatu avuke barabara. Maji ya mapaa yangefaa zaidi, au maji ya mkondo, maadamu msikilizaji anajua mara moja yametoka wapi. Mtu hawezi kulidai jambo ambalo hana jina la kulitaja.

Linabaki suala la usimamizi, ambapo mipango mingi mizuri ya jiji hili imezikwa. Katika ramani, chini ya ghorofa pana maegesho. Baada ya cheti cha kukalia jengo kutolewa, maegesho hugeuka duka la vifaa vya umeme. Tangi tupu ni kishawishi kikubwa zaidi, kwa kuwa kwa macho ya mwenye nyumba ni chumba kisicholipa kodi. Tundu lake huzibwa na mchanga na vifuniko vya chupa bila mtu kujua mpaka siku ya mvua. Kwa hiyo kibali kisichofuatiwa na ukaguzi ni karatasi tu, na ukaguzi ufanywe Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli, kila tangi likiandikwa katika daftari la kaunti: liko ploti gani, lina ukubwa gani, lilisafishwa lini. Daftari hilo lisifungiwe makao makuu. Nakala yake ikae katika ofisi ya chifu Kibera na Kawangware, kwa Kiswahili, ili wale wanaopokea maji waweze kuangalia ni nani aliye juu yao ambaye hajasafisha tundu lake, na waende kumgongea lango kungali jua.